Football na soccer: historia ya majina mawili ya mchezo mmoja

Mashabiki wengi wa mpira, wawe wa Dar es Salaam, Nairobi au Manchester, wanaamini kwamba football ndilo jina halali la mchezo huu, na soccer ni jina la Wamarekani, watu walioujulia mpira ukubwani. Mwingereza wa leo akimsikia mtu akitamka soccer hukunja uso kana kwamba ametukanwa. Kumbukumbu zinasema vingine. Maneno yote mawili yalizaliwa Uingereza, na kwa karibu miaka 100 Waingereza waliyatumia yote bila ugomvi. Yaliyokuja kuyatenganisha ni matabaka, shule, vyama vya michezo vilivyogawanyika, na swali ambalo kila nchi ililijibu kivyake: kati ya michezo mingi iliyoitwa football, upi utaachiwa jina hilo peke yake, bila nyongeza?

Kabla ya 1863: jina moja, michezo chungu nzima

Mwaka 1314 Meya wa London, Nicholas de Farndone, alipiga marufuku kwa niaba ya Mfalme Edward II michezo ya kukimbizana na mipira mikubwa mjini. Sababu ilikuwa kelele na fujo, na atakayekaidi angefungwa. Mwaka 1424 Scotland nayo ikatunga sheria chini ya Mfalme James I: atakayekamatwa akicheza fut ball atatozwa peni 4. Marufuku za namna hiyo ziliendelea kutolewa kizazi baada ya kizazi, jambo linaloonyesha kwamba watu hawakuzijali.

Mchezo uliokatazwa haukufanana sana na tunaoujua. Watu wa upande mmoja wa mji walipambana na wa upande wa pili, bila idadi maalumu ya wachezaji, bila refa, na mpira ulibebwa, ulirushwa, ulisukumwa na kupigwa teke kadiri mtu alivyoweza. Mabaki yake yapo mpaka leo katika mji wa Ashbourne, Derbyshire, ambako kabla ya kuanza Kwaresima wakazi hupambana mitaani na hata ndani ya mto, na magoli yako umbali wa maili 3 hivi. Huo nao unaitwa football. Neno lenyewe limeunganisha mguu na mpira, lakini halikuwahi kuwa na maana ya kwamba mikono hairuhusiwi.

Karne ya 19 ilipoanza, mchezo huu wa barabarani ulikuwa umeshaingia katika shule za bweni za watoto wa matajiri: Eton, Harrow, Winchester, Charterhouse, Rugby. Kila shule iliupa sura kulingana na uwanja wake. Charterhouse wavulana walicheza katika vibaraza vyembamba vya mawe, wakajifunza kukokota mpira mguuni. Rugby walikuwa na uwanja mpana wa nyasi, wakapenda kubeba mpira mikononi na kukimbia nao. Mwaka 1845 wanafunzi wa Rugby waliandika kanuni zao. Miaka mitatu baadaye, vijana kutoka shule mbalimbali waliokutana Chuo Kikuu cha Cambridge walijaribu kuandika kanuni za pamoja, maana kila mmoja alidai kucheza football na kila mmoja alikuwa na mchezo wake kichwani.

1863 hadi 1871: ugomvi wa mateke

Tarehe 26 Oktoba 1863, wawakilishi wa klabu za London na viunga vyake walikutana katika hoteli ya Freemasons' Tavern. Aliyewaita alikuwa mwanasheria Ebenezer Cobb Morley wa klabu ya Barnes, naye ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa chama walichokianzisha, Football Association. Lengo lao lilikuwa jepesi kulitaja na gumu kulifikia: kuwa na mchezo mmoja wenye kanuni moja.

Vikao vilifika sita. Rasimu ya awali ilimruhusu mchezaji kukimbia na mpira mkononi na pia kumpiga mpinzani mateke ya ugokoni ili kumzuia. Wajumbe walio wengi wakaona mambo yote mawili yaondolewe. Mtu mzima mwenye kazi yake, walisema, hawezi kwenda ofisini Jumatatu akichechemea. Francis Campbell wa klabu ya Blackheath alipinga kwa ukali. Kwake yeye, mchezo usio na mateke ya ugokoni ulikuwa umepotezewa uanaume, na alidai angeweza kuleta Wafaransa wakafanya mazoezi ya wiki moja kisha wakawafunga Waingereza. Alishindwa katika kura, na Blackheath ikajitoa.

Hapo ndipo njia zilipogawanyika. Waliopenda kubeba mpira waliendelea na kanuni za Rugby, na tarehe 26 Januari 1871 klabu 21 zilikutana London zikaunda Rugby Football Union. Sasa kulikuwa na michezo miwili mikubwa, na kila mmoja ulishikilia neno football katika jina lake rasmi. Ule wa Rugby uliitwa Rugby football. Ule wa chama cha 1863 uliitwa Association football, yaani football inayofuata kanuni za chama. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake jina: walilishika wote, na kila mmoja akaongeza kitambulisho mbele.

Majina hayo yalikuwa marefu mno kwa mazungumzo, na atakayeyafupisha hakuchelewa kutokea.

Miaka ya 1880: utani wa Oxford

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford wa wakati huo walikuwa na mtindo wa kuzungumza ambao wengi wanasema ulitoka shule ya Rugby. Walichukua neno, wakalikata, kisha wakalibandika mkia wa er. Breakfast, yaani kifungua kinywa, ikawa brekker. Mchezo wa Rugby ukawa rugger. Association ilikuwa ngumu kidogo kuikata, kwa hiyo walichukua kipande cha katikati, soc, wakakitia mkia: soccer. Tahajia iliyumba kwa miaka kadhaa kati ya socca, socker na soccer kabla ya kutulia.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu Charles Wreford-Brown, kijana wa Charterhouse aliyesoma Chuo cha Oriel, Oxford, na baadaye akawa nahodha wa timu ya taifa ya England. Inasemekana rafiki yake alimuuliza kama angependa kucheza rugger, naye akajibu papo hapo kwamba hapana, anacheza soccer. Ni kisa kizuri, na kama visa vingi vya asili ya maneno, hakina ushahidi wa kutosha. Kilicho wazi ni mazingira: neno lilitoka vinywani mwa vijana wasomi, wenye mali, waliocheza kwa ridhaa na kwa raha zao.

Wakati huohuo mchezo wenyewe ulikuwa unahamia kwa watu wengine kabisa. Mwaka 1885 Football Association ilikubali wachezaji walipwe. Mwaka 1888 William McGregor wa Aston Villa alisukuma kuanzishwa kwa Football League, ligi ya klabu 12, zote za kaskazini na katikati ya England, nchi ya viwanda vya nguo, chuma na migodi. Mfanyakazi wa Preston au wa Blackburn aliyetoka zamu Jumamosi mchana na kwenda uwanjani alisema anakwenda kwenye football. Soccer kwake lilikuwa neno la watoto wa mabwana.

Tofauti ya kwanza ya matumizi ikajengeka hapo. Kwa maana, maneno hayo yalitaja kitu kilekile. Kwa msikilizaji, yalimtambulisha msemaji: alisoma wapi, baba yake ni nani, na anacheza kwa mshahara au kwa starehe. Upande wa rugby nako kukawa na mpasuko. Mwaka 1895 klabu za kaskazini zilizotaka kuwafidia wachezaji wao siku za kazi walizopoteza zilikutana Huddersfield, zikajitenga na kuunda chama chao, ambacho mwaka 1922 kilichukua jina la Rugby Football League. Katika baadhi ya miji ya huko, mtu akisema football angeweza kuwa na maana ya mchezo huo.

1869 hadi 1913: Marekani yachagua mwingine

Tarehe 6 Novemba 1869, vyuo vya Rutgers na Princeton vilicheza mechi huko New Brunswick, New Jersey. Kila upande ulikuwa na wachezaji 25, hakuna aliyeruhusiwa kubeba mpira, na Rutgers walishinda 6 kwa 4. Wamarekani huitaja kuwa mechi ya kwanza ya American football, ingawa kwa kanuni zake ilikuwa karibu zaidi na mchezo wa chama cha London. Kama vyuo vingine vingefuata njia hiyo, huenda leo kusingekuwa na ubishi wowote.

Aliyegeuza mambo ni Harvard. Chuo hicho kilikuwa na mchezo wake ulioruhusu kubeba mpira, kikakataa kufuata kanuni za wenzake. Kwa kukosa wapinzani, mwaka 1874 kiliwaalika McGill kutoka Montreal, Kanada, ambao walicheza kwa kanuni za rugby. Walicheza mechi mbili siku mbili mfululizo, moja kwa kanuni za kila upande, na vijana wa Harvard wakaupenda mchezo wa wageni kuliko wao. Kwa kuwa kila chuo kilitaka kucheza na Harvard, wengine wakafuata, na mwaka 1876 vyuo vikubwa vilikubaliana kutumia kanuni za aina ya rugby. Kisha Walter Camp wa Yale akaanza kuzibadili. Mwaka 1880 aliingiza mstari wa kuanzia mchezo, na mwaka 1882 ukaja utaratibu wa timu kupewa majaribio machache ya kusogeza mpira, ikishindwa inampa mwenzake. Mchezo mpya ukawa umezaliwa, nao ukabaki na jina la ukoo: football.

Kwa hiyo wahamiaji wa Kiingereza na Kiskoti waliokwenda kufanya kazi katika viwanda vya Massachusetts na New Jersey walipofika na mpira wao, walikuta jina lina mwenyewe. Walichofanya ni kutumia neno lililokuwa tayari magazetini kwao nyumbani. Hata hivyo hawakuliacha jina la kwanza kirahisi. Chama cha taifa kilichoundwa mwaka 1913 kiliitwa United States Football Association. Mwaka 1945 kikaongeza Soccer na kuwa United States Soccer Football Association. Football haikuondolewa hadi 1974, kilipoitwa United States Soccer Federation. Ilichukua miaka 61 kwa Wamarekani wenyewe kukubali kwamba mchezo wao hautaitwa football tena katika karatasi rasmi.

Nani aliwahi jina: Ireland, Australia, Afrika Kusini

Kilichotokea Marekani kilitokea kwingine pia. Huko Melbourne, Australia, kanuni za mchezo wa kienyeji ziliandikwa mwaka 1859, miaka minne kabla ya mkutano wa London, na Tom Wills akiwa miongoni mwa walioziandika. Katika jimbo la Victoria, football ni mchezo huo wa mpira wa yai. Timu ya taifa ya mpira wa miguu ikabandikwa jina Socceroos, lililochanganya soccer na kangaruu. Mwaka 2005 chama cha taifa kiliacha jina la Australian Soccer Association na kuwa Football Federation Australia, kwa nia ya kusogea karibu na ulimwengu. Jina la Socceroos halikuguswa.

Ireland jambo lilikuwa la siasa. Mwaka 1884 chama cha Gaelic Athletic Association kiliundwa mjini Thurles kulinda michezo ya asili dhidi ya michezo ya Waingereza. Hadi 1971 mwanachama aliyeonekana akicheza au hata kutazama michezo hiyo ya kigeni aliweza kuadhibiwa. Kwa mashabiki wa Gaelic, football ni ya kwao, na ule wa Liverpool na Arsenal ni soccer. Hakuna Mmarekani aliyewafundisha.

Afrika Kusini nako neno soccer lilishika mizizi, katika nchi ambayo kwa muda mrefu rugby ilikuwa mchezo wa Wazungu na mpira wa miguu ukawa wa Waafrika wa vitongoji. Chama cha taifa kinaitwa South African Football Association, ligi yake ni Premier Soccer League, na uwanja uliofungua na kufunga Kombe la Dunia la 2010, pale pembeni mwa Soweto, ulijulikana kama Soccer City. Majina mawili yanaishi pamoja bila mtu kulalamika.

Ukiziweka nchi hizi kando kwa kando, kanuni inajitokeza. Football ni jina la mchezo ulioshinda mahali hapo. Soccer huhitajika pale ambapo aliyeshinda ni mwingine, au pale ambapo michezo miwili ina nguvu sawa na lazima itofautishwe.

1945 hadi 1980: Waingereza waliposema soccer

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ukuta wa matabaka Uingereza ulianza kulegea, na soccer likatoka vyuoni likaenea magazetini. Mwaka 1960 jarida la World Soccer lilianza kuchapishwa London, na hakuna aliyeliona la Kimarekani. Mwaka 1973 Matt Busby, Mskoti aliyetoka familia ya wachimba migodi na akaifikisha Manchester United kwenye ubingwa wa Ulaya mwaka 1968, alichapisha kitabu chake cha maisha kwa jina Soccer at the Top. Kama kuna mtu ambaye hawezi kushtakiwa kwa kutoujua mpira, ni yeye.

Mchumi Stefan Szymanski wa Chuo Kikuu cha Michigan alifuatilia matumizi ya maneno haya mawili katika vitabu na magazeti, akachapisha matokeo yake mwaka 2014. Aligundua kwamba Waingereza waliyatumia kwa kubadilishana hasa kati ya 1960 na 1980. Baada ya hapo soccer likaanza kuporomoka katika maandishi ya Uingereza.

Sababu anayoitaja ni Marekani. Mwaka 1968 ilianzishwa North American Soccer League, na mwaka 1975 Pelé alijiunga na New York Cosmos. Ghafla neno soccer likasikika duniani kwa lafudhi ya Kimarekani, likiambatana na matangazo, wacheza ngoma pembeni mwa uwanja na kanuni zilizorekebishwa ili kuwafurahisha watazamaji wapya. Ligi hiyo ilikufa baada ya msimu wa 1984, lakini neno lilikuwa limeshapata mwenyewe machoni pa Waingereza. Kombe la Dunia la 1994, lililochezwa Marekani, likakazia dhana hiyo. Kizazi kilichokua baada ya hapo hakikuwahi kusikia babu zao wakisema soccer kwa raha, kikaamini ni neno la kigeni. Ajabu ni kwamba runinga ya Uingereza iliendelea kuwarushia kipindi cha Soccer Saturday, na mechi ya hisani iliyoanza 2006 ikaitwa Soccer Aid.

Afrika Mashariki: soka, raga na kumbukumbu za Oxford

Mpira uliletwa kwetu na Waingereza wa enzi zile ambapo maneno yote mawili yalikuwa yakitumika: wamisionari, walimu, askari, makarani wa serikali. Kufikia 1926 Kenya na Uganda walikuwa wakigombea Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni na ambalo baada ya miongo kadhaa lilizaa Kombe la Chalenji. Vyama vyetu vilipopewa majina ya Kiingereza, vilichukua football: Tanzania Football Federation, Football Kenya Federation, Federation of Uganda Football Associations.

Kiswahili kilikwenda njia nyingine. Pamoja na mpira wa miguu, kandanda na kabumbu, kiliipokea soccer na kuifanya soka. Lina silabi mbili, zote zinaishia kwa irabu, halimsumbui mtu ulimi. Likazaa watoto: mwanasoka, soka la ridhaa, soka la kulipwa, soka la wanawake, soka la ufukweni. Angalia kurasa za michezo za gazeti lolote la Dar es Salaam: TFF huitwa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania katika habari moja na Shirikisho la Soka Tanzania katika habari ya pili, ilhali herufi ya kati, F, ni ya Football. Msomaji hata hashtuki.

Kenya, ambako rugby ina mashabiki wengi, waandishi wa Kiswahili huuita mchezo huo raga. Itamke polepole na utasikia rugger. Kwa maana hiyo soka na raga, maneno mawili ya utani wa wanafunzi wa Oxford, yako hai katika Kiswahili wakati Uingereza kwenyewe moja limekataliwa na la pili linasikika kwa watu wachache.

Hata neno Association lenyewe, shina la soccer, bado liko kila mahali kwa anayetazama vizuri. Lipo katika jina la FIFA, iliyoundwa Paris tarehe 21 Mei 1904 kwa jina la Kifaransa la Fédération Internationale de Football Association. Lipo katika shirikisho la Kongo, FECOFA, ambalo jina lake kamili linaishia na Football-Association. Lipo pia katika Sunderland AFC, klabu ya mji wa Kiingereza ambao jina lake lilitumiwa na Simba ya Dar es Salaam hadi 1971.

Hukumu

Kombe la Dunia la 2026 lilipewa nchi tatu kwa pamoja: Marekani na Kanada, zinazosema soccer, na Meksiko inayosema fútbol, na fainali yake ikapangiwa uwanja wa New Jersey unaotumiwa na timu mbili za American football. Mabishano ya jina hayakwepeki katika mazingira hayo, na ni vizuri kuyaingia ukiwa na historia mkononi. Football ni neno la kale ambalo kila nchi imelipa mchezo wake mkubwa. Soccer ni ufupisho wa Association, uliotengenezwa na Waingereza wa tabaka la juu, ukatumiwa na Waingereza wa matabaka yote, kisha ukaachwa na Waingereza kwa sababu Wamarekani waliupenda. Hakuna jina la kweli na jina la uongo hapo. Na Mswahili anayesema soka hana la kuomba radhi: neno lake linatokana na chama kilichoundwa London mwaka 1863, miaka 6 kabla ya Rutgers na Princeton kuingia uwanjani.